Kupenda na Kutwaa

Liko swali moja ambalo watu wengi hawajiulizi, kwa kuwa hudhani jibu lake li wazi: Je, mtu akipenda kitu, ana haki ya kukitwaa? Kwa mali ya jirani jibu twalijua tangu utoto. Lakini kwa kitu kisicho cha mtu, kilichoota porini pasipo kupandwa wala kupaliliwa na yeyote, wengi watasema, "Aliyekiona ni chake." Na tulipime neno hili kwa habari za ua moja, maana ndani yake twaona mahali pendo na tamaa zinapoachana.

Katika nchi za Ulaya na Asia huota mmea wa jamii ya okidi, usiokaa juu ya miti kama okidi nyingi, bali mizizi yake imo ardhini. Wataalamu huuita Cypripedium calceolus, na Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya sapatu ya bibi. Kwa sababu sehemu moja ya ua lake ni ya manjano, nayo imevimba kama ncha ya kiatu. Nyuki mdogo huingia ndani ya kiatu hicho akitumaini kupata chakula, asikipate. Kuta zake zateleza, hawezi kurudi kwa mlango alioingilia. Hana budi kutokea nyuma, penye tundu jembamba, na hapo hupakwa chavua ambayo ataipeleka kwenye ua jingine.

Zamani maua haya yalikuwako kaskazini ya Uingereza, katika misitu iliyoota juu ya mawe ya chokaa. Watu waliyapenda mno. Mmoja alichuma shada, wa pili aling'oa mche auweke katika bustani yake, wa tatu aliuza, wa nne aliukausha apate kuuweka pamoja na mimea mingine aliyoikusanya. Wahenga walisema, kizuri chajiuza. Na ua hili lilijiuza hata likaangamia. Misitu nayo ilikatwa, lakini mkono wa mpenda maua ulifanya sehemu kubwa ya uharibifu. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyelichukia ua lile, au aliyekusudia kulimaliza. Kila mtu aliona ya kuwa ametwaa moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vilevile. Mwaka 1917 ilitangazwa ya kwamba ua hili limekwisha kabisa katika nchi ile.

Ndipo mwaka 1930 mche mmoja ulipoonekana katika mabonde ya Yorkshire. Waliouona hawakuung'oa wala hawakupiga mbiu, walinyamaza. Siri hiyo ikapokewa na watu wachache, na hao wakaipokeza kwa wengine, miaka mingi sana. Majira ya kuchanua yakifika, walinzi walipiga hema karibu na mche huo, wakaulinda usiku na mchana. Hata sheria ikaja kuukinga. Tangu mwaka 1975 kuung'oa ni kosa la kushtakiwa.

Hapa mtu mwenye haki aweza kuuliza: Je, ni vema kuwaficha watu kitu kizuri? Uzuri usioonekana na mtu wamfaa nani? Na hao walinzi, ni nani aliyewapa ruhusa ya kuona wasichoruhusiwa wengine kuona? Swali hili si la kupuuzwa. Twajua kwamba watu wengi wamejifungia mambo mema wakisema wanayalinda, kumbe wameyafanya kuwa yao. Anayeficha na anayeiba huweza kufanana sana. Wote wawili huwazuilia watu wengine.

Basi tutawapambanuaje? Twaona njia moja: tuutazame mwisho wa kazi yao. Mwizi huficha ili kitu kibaki chake. Mlinzi wa kweli huficha ili siku moja kusiwe na haja ya kuficha tena. Basi walinzi wa ua lile walifanya nini?

Walitaka kuliongeza, nayo kazi hiyo ni ngumu kupita tudhanivyo. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi. Mbegu ya mahindi au ya haragwe imewekewa akiba ya chakula ndani yake, lakini mbegu ya okidi haina akiba ya kutosha. Ikianguka chini hungoja kuvu wa namna yake aliyemo udongoni, naye huilisha mpaka ipate majani ya kujilisha yenyewe. Asipokuwako kuvu huyo, mbegu hufa. Kwa hiyo hao waliong'oa mche wakauhamishia bustanini, mara nyingi walihamisha mgonjwa tu. Hawakujua ya kuwa wameuondoa katika ushirika uliokuwa ukiuweka hai.

Mwaka 1983 wataalamu wa Bustani ya Kew, London, walianza kutafuta njia. Chavua ilichukuliwa kwa mkono kutoka ua moja na kupakwa katika jingine, katika mimea michache iliyosalia ya asili ya nchi ile. Vifuko vya mbegu vilichumwa vingali vibichi, maana mbegu ikikomaa yawa ngumu kuamka. Mbegu zikapandwa katika chupa zilizosafishwa zisiwe na vijidudu, juu ya chakula cha urojo kilichoshika mahali pa kuvu. Miche ilipoota ilipitishwa katika baridi kama ya majira ya kipupwe, ikahamishiwa udongoni, kisha ikapelekwa porini. Huko konokono waliila, ukame ukaikausha, mingi ilikufa. Waliobaki na kazi wakapanda tena.

Mwaka 2000 mmoja wa miche hiyo ulichanua, miaka 11 tangu ulipopandwa porini. Mwaka 2024 habari ikatangazwa ya kuwa mche mwingine umeonekana uliojiotea wenyewe pasipo mkono wa mtu. Na mahali pengine, kama katika hifadhi ya Gait Barrows huko Lancashire, ilipandwa miche mahali ambapo watu waliruhusiwa kuja na kuitazama kwa macho yao. Hapo jibu la swali letu limeonekana. Siri ilitunzwa, na matunda yake yakawekwa wazi. Tena walioanza kunyamaza mwaka 1930 hawakulipwa kitu kwa kunyamaza kwao. Wengi wao hawakufikia kuona mche hata mmoja ulioongezeka.

Lakini tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu na bustani zao. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania iko Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mvua zinaponyesha, majani ya nchi ile hujaa maua, na okidi za ardhini ni za namna nyingi. Chini ya ardhi okidi hizo zina viazi vidogo, na Zambia viazi hivyo vyapendwa sana kwa chakula kiitwacho chikanda: hutwangwa, huchanganywa na karanga, hupikwa hata vikashikamana kama mkate. Wachimbaji wakavitafuta hata upande wetu, na magunia yakavuka mpaka. Anayechimba kiazi ameuua mmea wake. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa.

Je, mchimbaji huyu tumhukumu sawasawa na mkusanya maua wa Uingereza? Hasha. Mwenye njaa si sawa na mwenye tamaa, wala si haki mtu aliyeshiba kumwambia mama mwenye watoto, "Acha, ua hili ni zuri." Anayemkataza maskini kuchimba amejitwika deni, yampasa kumsaidia kupata riziki nyingine, la sivyo ulinzi wake ni ukali tu. Walakini ua lenyewe halijui kama aliyeling'oa alikuwa na njaa au na tamaa. Likiisha, limekwisha kwa wote wawili, na mwenye njaa ndiye atakayepungukiwa zaidi, kwa maana mwakani hatakuwa na la kuchimba.

Basi, ndugu, mtu apendaye kitu cha porini na ajiulize maneno mawili kabla ya kunyosha mkono. La kwanza: Kama kila mtu akitwaa kama nitwaavyo mimi, kitabaki nini? La pili: Je, pendo langu litakiongeza kitu hiki, au litanipa mimi tu? Maswali hayo yafaa kwa ua, tena yafaa kwa mti wa mninga, kwa samaki wa ziwani, na kwa chemchemi ya kijiji. Na mtu akiona ya kwamba hana uwezo wa kuongeza, asione haya kufanya lile dogo walilolifanya wale wa Yorkshire: waliona, wakafurahi, wakaacha palepale.