Giza Kati ya Picha

Utepe wa sinema hauna mwendo. Ukiinuliwa mbele ya mwanga, kinachoonekana ni safu ya picha ndogo zilizotulia, kila moja ikitofautiana kidogo na jirani yake. Projekta huuvuta utepe kwa ukucha unaoingia kwenye matundu ya pembeni, huisimamisha picha mbele ya taa, kisha huiondoa na kuleta nyingine, mara 24 kwa sekunde ikiwa filamu ina sauti. Utepe unaposogea, kisahani kinachozunguka huziba mwanga, la sivyo picha zingevurugika. Filamu ya dakika 90 ni picha 129,600, na kwa karibu nusu ya muda huo watazamaji wako gizani bila kujua. Basi mwendo wanaouona uko wapi?

Swali hilo lilifika Katanga, kusini mwa Kongo, pamoja na wamisionari. Mapadri wa Kongo ya Kibelgiji walitumia sana utepe wa milimita 16, ulioletwa na Kodak mwaka 1923. Ulikuwa mwepesi, haukulipuka moto kama utepe wa kale wa naitreti, na kwa jenereta ndogo na shuka jeupe sinema iliweza kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ikaonyeshwa popote gari lilipofika, hata kwenye miji ya wavuvi kama Kasenga kando ya Luapula. Filamu bubu zilifafanuliwa papo hapo kwa lugha za watazamaji. Kule Luluabourg, Kananga ya leo, padri wa shirika la Scheut, Albert Van Haelst, alitengeneza vichekesho vyake mwenyewe, vya Matamata na Pilipili.

Wakoloni walikuwa na nadharia kuhusu watazamaji hao. Mwingereza William Sellers, aliyetengeneza filamu za mafunzo kwa makoloni, alifundisha kwamba sinema ya Waafrika iende polepole na isiwe na hila za kamera, maana zingewachanganya. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, umati ulikuwa ukimshangilia kwa kelele mchunga ng'ombe wa Marekani waliyempa jina la Jeke, tena katika filamu zilizokwenda mbio kwelikweli. Nadharia ya Sellers ina kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi: hila ya kwanza ya sinema ni mwendo wenyewe, na hiyo humdanganya profesa wa Brussels sawasawa na mchimba shaba. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha kwamba alama mbili zilizotulia, zikimulikwa kwa kupokezana haraka, huonekana kama kitu kimoja kinachohama. Mwendo huo hautoki kwenye alama. Akili ya mtazamaji ndiyo inayouunga.

Wanateolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Ash'ari, ambayo wanazuoni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki wameyafuata kwa vizazi, walikuwa wamelifikia jambo linalofanana na hili karne nyingi kabla ya projekta. Walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili mfululizo. Mungu huziumba upya kila mara, na mwendelezo tunaouona ni desturi Yake tu. Kwao ulimwengu wote ungekuwa kama utepe, isipokuwa kwamba hakuna picha ya pili inayosubiri kwenye gurudumu.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alikwenda kinyume. Mwaka 1907 aliandika kwamba akili hufanya kazi kama sinema: inaukata wakati vipande vilivyokufa, kisha inaviendesha kwa mwendo ulioko ndani ya mashine. Kwake hilo lilikuwa kosa, kwa sababu maisha hayakatwi. Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya utume Katanga, alikuwa karibu na fikra hiyo. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichochapishwa Élisabethville mwaka 1945, kilidai kwamba Wazungu huwaza kuwepo kama hali iliyotulia ilhali Wabantu huwaza nguvu. Kuwabebesha mamilioni ya watu falsafa moja ni jambo lililopingwa kwa haki, na mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Katanga hiyohiyo, ni miongoni mwa waliolichambua kwa makini. Hata hivyo, tofauti kati ya kutulia na nguvu inabaki na maana mbele ya projekta.

Projekta za kidijitali hazina kisahani cha kuziba mwanga. Picha hukaa mpaka nyingine ichukue nafasi yake. Utepe, kinyume chake, ukikwama mbele ya taa kali, picha hutokota, huyeyuka katikati na kutoboka. Kipande kilichosimama, ambacho Bergson alikiona kuwa kazi ya akili, hakiwezi kustahimili mwanga unaokionyesha. Hudumu kwa kupita tu. Hapo Tempels anapata hoja, lakini nusu tu, kwa kuwa nguvu inayoupitisha utepe haimo ndani yake. Inatoka kwenye mota, na Muash'ari angeuliza mara moja ni nani anayeizungusha.