Dhamana ya Anayejibu kwa Niaba

Sehemu kubwa ya yale tunayosema tunayajua tumeambiwa na wengine. Hakuna anayeikumbuka siku aliyozaliwa, wala aliyeshuhudia vita vya kale, na wengi wetu hatujawahi kuziona fedha zinazosemekana kuwa kwenye akaunti zetu. Tunaishi kwa kuamini watu wa kati. Ndiyo maana swali la ushahidi wa kuambiwa halijawahi kuzeeka katika falsafa wala katika dini: anayesimama kati yetu na jambo lenyewe anabeba dhamana kiasi gani, na sisi tunaomwamini tunabaki na wajibu gani? Nitalichunguza swali hili mahali ambapo wanafalsafa hawapiti mara nyingi, yaani kwenye kifaa kinachounganisha diski za kuhifadhia data na mtandao wa Itheneti. Sababu yangu ni kwamba katika mashine kila ahadi imeandikwa waziwazi, kwa hiyo mtu anaweza kunyoosha kidole pale ahadi inapotimizwa na pale inapovunjwa.

Diski nyingi za seva hupokea amri kwa itifaki ya SCSI, iliyosanifishwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya kebo fupi kati ya kompyuta na vifaa vyake. Itheneti ina asili nyingine kabisa. Robert Metcalfe na David Boggs waliianzisha Xerox PARC mwaka 1973 ili kompyuta ziwasiliane, na kwa kawaida hubeba mzigo usiozidi baiti 1500 kwa mara moja, bila kujua wala kujali kama mzigo huo ni barua, picha au amri ya diski. Ili pande hizi mbili zielewane panahitajika daraja. Mwezi Aprili 2004 itifaki ya iSCSI ilichapishwa kama RFC 3720, na ikaeleza namna ya kuzifunga amri za SCSI ndani ya mawasiliano ya kawaida ya mtandao. Seva inapotaka kuandika, hufunga amri na data yake, huituma mtandaoni, nalo daraja huifungua, huikabidhi diski kupitia kebo ya upande wa pili, husubiri jibu, kisha hulirudisha. Seva hailioni daraja, inaona diski. Hata ikiuliza “wewe ni nani?”, daraja ndilo linalojibu, na seva hulipokea jibu hilo kana kwamba limetoka kwenye diski iliyochomekwa ndani yake.

Je, huo ni udanganyifu? Naona si udanganyifu. Seva haikuuliza diski iko wapi. Iliuliza kama kuna mahali pa kuweka data na kuipata tena ikihitajika. Kuficha umbali si kusema uongo, maana hakuna aliyeahidi ukaribu. Jambo linabadilika kwenye jibu moja dogo. Katika SCSI, hali yenye thamani ya sifuri humaanisha kwamba amri imekamilika salama. Daraja lenye kache linaweza kutoa jibu hilo mara tu data inapoingia kwenye kumbukumbu yake ya muda, kabla diski haijaguswa. Seva huiambia hifadhidata kwamba kazi imekwisha, hifadhidata huiambia programu ya benki, na mteja huambiwa muamala wake umekamilika. Umeme ukikatika sekunde hiyo, na kumbukumbu ile haina betri ya kuilinda, minyororo yote ya imani iliyofuata imesimama juu ya kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Hapa daraja halikuficha umbali tu. Limeapa kwa jambo lisilolijua.

Kuna atakayepinga kwa methali yetu: mjumbe hauawi. Lakini methali hiyo inamlinda anayebeba maneno ya mwingine na kuyafikisha yalivyo. Anayejibu kwa niaba ya mwingine, kabla mwingine huyo hajasema neno, ametoka kwenye ujumbe na kuingia kwenye udhamini, na mdhamini hulipa. Wengine watasema mashine haina nia, na pasipo nia hakuna uongo. Hilo ni kweli, nami sitaki kulipa daraja roho. Lakini watu ndio waliokubaliana kwamba sifuri imaanishe “imekamilika”, watu ndio waliounda kifaa kinachoitamka sifuri hiyo, na watu ndio wanaochagua kuwasha au kuzima kache. Dhamana haikupotea kwa kupitishwa kwenye chuma. Inarudi kwa waliokiamuru.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: kusubiri diski kila mara kunachelewesha kazi, na mtandao ambao kila neno lake linangoja uthibitisho kamili hautamfaa mtu. Nalikubali, ila silioni likiruhusu uongo. SCSI yenyewe imeweka njia ya kuwa mwepesi na mkweli kwa pamoja. Kifaa kinaweza kutangaza kwamba kinatumia kache ya kuandikia, na seva ikishajua hivyo inaweza kutuma amri ya kulazimisha kila kilichomo kwenye kache kishuke diskini kabla ya jibu kurudi. Kifaa kinachosema “nimepokea, bado sijaandika” hakijamkosea mtu. Kosa ni la kile kinachoficha kwamba kina kache, au kinachoitikia amri ya kushusha data huku hakijashusha.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliijua tofauti hii kwa undani karne nyingi kabla ya kompyuta. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alipoeleza masharti ya hadithi sahihi hakutosheka na uadilifu wa msimulizi. Alitaka pia udhibiti wake, yaani uwezo wa kuhifadhi na kufikisha bila kuvuruga, kwa kuwa mtu mwema anaweza kuwa na kumbukumbu mbovu. Alitaka isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, iliyoungana pasipo kiungo kilichofichwa. Msimulizi aliyejulikana kwa tadlisi, anayetumia maneno ya kumfanya msikilizaji adhani amesikia moja kwa moja kumbe kuna mtu katikati, hakupokelewa mpaka aseme wazi kwamba amesikia. Na juu ya yote hayo, hadithi isiwe na ila, yaani kasoro iliyojificha nyuma ya mnyororo unaoonekana mzima. Kwa maneno mengine, kila kiungo kinaweza kuwa kizuri machoni na habari ikafika ikiwa imeharibika.

Mafundi wa mitandao walifikia hukumu iyo hiyo kwa njia ya hasara. Jerome Saltzer, David Reed na David Clark, katika makala yao ya mwaka 1984 kuhusu hoja ya mwisho kwa mwisho, wanaeleza mitandao iliyounganishwa kwa kompyuta za kati, ambapo kila hatua ya safari ilikuwa na hesabu ya kukagua makosa. Waandishi wa programu waliamini kwamba usalama umekamilika. Kumbe data haikulindwa ikiwa ndani ya kompyuta hizo, na mojawapo ilikuwa ikibadilisha nafasi za baiti mbili, takriban mara moja katika kila baiti milioni. Mafaili ya mfumo endeshi yaliharibika polepole, na wenyewe wakalazimika kuyalinganisha kwa macho na nakala za zamani zilizochapishwa. Daraja la diski liko katika hatari hiyohiyo: ukaguzi wa iSCSI huishia pale pakiti inapofunguliwa, na kutoka hapo hadi kebo ya diski data iko mikononi mwa daraja peke yake. Dawa ni ukaguzi unaofanywa na mwenye data mwenyewe. Mfumo wa mafaili wa ZFS, kwa mfano, huweka alama ya ukaguzi ya kila fungu la data mbali na fungu lenyewe, na seva huikagua kila inaposoma.

Basi kuna haja gani ya kuamini, ikiwa mwisho wake ni kukagua? Swali hili linaweka uadui usiokuwapo. Ukaguzi wa mwisho hunijulisha kwamba habari imeharibika. Haunirudishii ile iliyopotea. Bila daraja aminifu nitagundua hasara baada ya hasara, na bila ukaguzi sitaigundua kabisa. Uaminifu wa mtu wa kati na uangalifu wa mpokeaji ni wajibu wa watu wawili tofauti, na wa mmoja haumwondolei mwenzake wa kwake. Anayejibu kwa niaba ya mwingine ana ruhusa ya kurahisisha, kufupisha na hata kujificha. Hana ruhusa ya kusema “tayari” kabla haijawa tayari. Nasi tunaopokea, tuwe mafundi wa seva, wasomaji wa habari au waumini, tusiulize tu nani katuambia. Tuulize pia alijuaje, na tuilinganishe habari na asili yake kila tunapoweza kuifikia.