Hukumu kwa Kazi, Heshima kwa Mtu

Jembe huchakaa kwa kulima, na kisu hupungua kwa kunolewa; lakini ziko kazi za akili ambazo huharibika hata zikiwa zimelala bila kuguswa. Programu za kompyuta ni miongoni mwa kazi hizo. Ndani yake mna swali la haki ambalo lastahili kupimwa na kila kijana: Je, ni halali kuiondoa kazi ya mtu aliyejitolea kwa sababu mashine imeiona kuwa mbovu?

Tuchukue mfano wa Debian, mkusanyo wa programu huria ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Watunzaji wake ni watu wa nchi nyingi wanaojitolea. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 69,000; na kifurushi ni programu, au sehemu ya programu, iliyofungwa tayari kwa matumizi.

Programu huandikwa na mtu kwa lugha maalumu. Kisha sharti maandishi hayo yageuzwe kuwa amri ambazo kompyuta huzitii, na kazi hiyo huitwa kujenga. Mara kwa mara mashine huvijenga upya vifurushi vya Debian ili kuona kama vingali vyajengeka. Kinachoshindwa huandikiwa taarifa ya kasoro mbele ya watu wote. Mtunzaji hupelekewa onyo, na siku za kungoja huhesabiwa. Zikipita bila jibu wala matengenezo, kifurushi huondolewa katika ghala linaloandaliwa kwa toleo lijalo. Utaratibu huu wa kuondoa pasipo mkono wa mtu ulianza mwaka 2013.

Atakayemtetea mtunzaji atasema kwamba huu ni ukatili. Mtu huyu halipwi, na pengine hakutenda kosa lolote. Mwaka 2024 GCC, programu maarufu ya kujengea programu nyingine, ilitoka katika toleo la 14. Mambo ambayo zamani iliyaonya tu, kama kutumia jina la kitendo kisichotangazwa kwanza, sasa iliyakataa kabisa. Maandishi yaliyojengeka jana yakashindwa leo, na hapana herufi hata moja iliyobadilika ndani yake. Dunia ilisogea, yeye alibaki aliposimama. Je, kusimama ni hatia?

Utetezi huu una uzito, lakini hautoshi. Programu huria ni ahadi. Humwambia mtumiaji: maandishi haya ni yako pia, yasome, yabadilishe, uyajenge upya. Maandishi yasiyojengeka huifanya ahadi hiyo kuwa maneno matupu. Siku itakapoonekana tundu la kupenyea wezi, nani ataliziba katika programu ambayo hakuna awezaye kuijenga? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Isitoshe, katika mkataba wao wa mwaka 1997 watu wa Debian waliahidi kutoficha kasoro zao. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi kukiacha kibovu rafuni kwa kumwonea haya aliyekitengeneza ni kumdhulumu yule atakayekitegemea.

Hata hivyo, hukumu yaweza kuwa ya lazima na bado ikakosa haki kwa namna inavyotolewa. Hukumu hii ina mambo yanayoipamba: kipimo chajulikana, onyo hutangulia, na mlango haufungwi. Akijitokeza mtu kuishughulikia kasoro, kuondolewa huahirishwa; na kifurushi kilichotengenezwa huruhusiwa kurudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Yako pia mambo yanayoitia doa. Kifurushi kikiondolewa, vyote vinavyokitegemea huondoka nacho, hata kama vyenyewe ni vizima. Tena, vifurushi vikuu, ambavyo mamia ya vingine vimesimama juu yake, havitolewi na mashine hata vikiwa na kasoro. Mdogo hutoka, mkubwa hungojewa. Sababu yake yaeleweka, kwa maana hapana aing'oaye nguzo ya nyumba watu wakiwa ndani. Lakini kinga ya mkubwa huwa haki pale tu anapotengenezwa kwa bidii kubwa zaidi. Ikigeuka kuwa ruhusa ya kubaki mbovu, basi ni upendeleo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ni halali kuiondoa kazi iliyoharibika, lakini si halali kumwondolea mtu heshima pamoja nayo. Mashine hupima kazi tu. Haiwezi kujua kama mtunzaji ni mgonjwa, ana msiba, au amechoka baada ya miaka ya kutumikia wengine bila ujira. Kujua hayo ni wajibu wa wanadamu wenzake. Anayesoma onyo la mashine na kuona jina la mwenzake juu yake ana mambo mawili ya kufanya: asiitetee kazi mbovu kwa sababu ya urafiki, wala asimdharau mwenzake kwa sababu ya kazi mbovu. Na akiweza, aongeze la tatu, ambalo ni bora kuliko yote mawili: aketi naye waitengeneze.