Aliyekosa kwa Sekunde Moja



Mtoto arudipo nyumbani na alama 98, mara nyingi swali la kwanza ni hili: "Hizo mbili zimekwenda wapi?" Akiwa wa pili darasani, huulizwa ni nani aliyemshinda. Sisi tuliozeeka katika kazi ya ualimu tumelisikia swali hilo huku kwetu Karagwe na Kyerwa, na tumeona watoto wakikata tamaa kwa ajili yake. Basi tujiulize: je, aliyekosa kidogo amekosa yote?

Tumtazame Ndugu Juma Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania. Mwezi wa Aprili 1988 alikimbia marathoni ya Boston, huko Marekani, kilomita 42 na mita 195. Ibrahim Hussein wa Kenya alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Sekunde moja tu, muda wa kutamka jina la mtu!

Mwaka 1989 alirudi Boston, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Lakini angalieni saa. Mekonnen alishinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 6. Maana yake, muda uliompa Ikangaa nafasi ya pili mwaka 1988 ungalitosha kushinda mwaka uliofuata. Nafasi yetu, basi, hutegemea pia wenzetu tunaokimbia nao. Bidii ndiyo iliyo yetu wenyewe.

Pengine mtu atasema: kama ni hivyo, kwa nini kushindana? Wote na wapewe zawadi sawa. La, hasha. Hussein alistahili ushindi wake, na mwalimu mwaminifu hampi 100 aliyepata 98. Kosa lionyeshwe. Lakini kusahihisha ni jambo moja, na kudharau ni jambo jingine.

Wala tusiwadanganye watoto kwamba kila avumiliaye hupata taji. Ni kweli, Novemba 1989 Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo kwa kasi hiyo. Hata hivyo, Aprili 1990 alirudi Boston, na kwa mara ya tatu mfululizo akawa wa pili, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Boston haikumpa taji, naye hakuacha kuikimbia kwa nguvu zake zote.

Kuutafuta ukamilifu ni wajibu wetu. Kuufikia si mara zote kumo mikononi mwetu. Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akija na 98, kwanza tumwulize alizipataje hizo 98. Kisha tuketi naye, tuzitafute zile mbili pamoja.