Maua ya Madhabahuni na Ndoo ya Maji

Jumamosi moja ya mwezi Septemba, miaka michache iliyopita, bibi mmoja wa usharika wetu alitukuta tukimwagilia maua nyuma ya nyumba ya mchungaji hapa Kasokola. Alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasimama akiangalia maji yanavyonywewa na udongo. "Baba Mchungaji," akasema, "haya maua tutayala lini?" Akacheka, nasi tukacheka. Lakini alipoondoka hatukuweza kuendelea kumwagilia.

Anayeishi Katavi anajua uzito wa swali lile. Mvua yetu ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Ikifika Septemba ardhi imekuwa ngumu kama tofali, visima vimeshuka, na ndoo moja ya maji ni usingizi wa mtu aliyeamka alfajiri kwenda kupanga foleni. Sisi maji yale tulikuwa tunayamimina kwenye mawaridi, ili Jumapili madhabahu ipendeze.

Mapenzi haya ya maua tuliyapata chuoni, tulipokuwa tunasoma theolojia. Mgeni mmoja kutoka Japani alikuja kusali nasi, akaombwa apambe kanisa dogo la chuo. Tulitegemea mashada makubwa yaliyobanana, kama tunavyopamba harusi. Yeye aliweka tawi moja refu lililopinda, ua moja, na jani moja chini yake, basi. Tulidhani hajamaliza. Tulipoketi kwa ibada ya jioni ndipo tuliona kwamba macho yetu yanapata pa kupumzikia. Alitueleza kwamba upangaji ule unaitwa ikebana: anayepanga hutafuta maua ya msimu uliopo, huheshimu tawi jinsi lilivyoota, na ile nafasi iliyo wazi kati ya vikonyo nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya pambo.

Kuna msharika atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza, desturi hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye maua yaliyowekwa mbele ya sanamu za Budha. Shule yake kongwe, Ikenobo, chimbuko lake ni hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto, na jina la mpangaji wake mmoja, Senkei, limo katika maandishi ya mwaka 1462. Hatulifichi jambo hilo. Lakini ngoma tunazopiga leo wakati wa sifa, wazee wetu waliwahi kuambiwa waziache nje ya mlango wa kanisa, na leo hakuna anayezionea shaka. Tunachotazama ni nani anayepelekewa kitu, na kwa moyo gani.

Turudi kwa bibi na ndoo yake. Wiki chache baada ya swali lake, msharika mwingine alitoka Mpanda mjini na maua ya plastiki, mekundu na meupe, mazuri kwa kweli. Aliyanunua kwa fedha yake na kwa nia njema. Hayanyauki, alisema, wala hayaombi maji. Tuliyapokea kwa shukrani, tukaona swali limejibiwa. Yalikaa madhabahuni karibu mwaka mzima, toka Majilio, Kwaresima na Pasaka yote, yakiwa vilevile. Mwanzoni watu waliyasifia. Baadaye hakuna aliyeyaona, hata sisi tuliosimama karibu nayo kila Jumapili. Tuligundua yapo siku mtoto wa shule ya Jumapili alipoandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la majani yake.

Tulimkumbuka mfalme Daudi pale kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Alipewa bure ng'ombe na kuni za sadaka, akakataa. Hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Tukasema, hapo ndipo lilipo kosa la plastiki: imetolewa mara moja, na tangu siku hiyo hakuna anayetoa tena. Ua lililokatwa asubuhi litakufa kufikia Jumatano, kwa hiyo Jumamosi ijayo lazima mtu atoe lingine. Mahubiri haya yalitupendeza sana, na tungeyahubiri kama Mama Mchungaji asingeuliza swali moja tu: "Maji ya yale mawaridi, nani alikuwa anayachota?"

Alikuwa anachota yeye. Yeye na binti zetu.

Daudi alilipa fedha yake mwenyewe. Yule mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu ya thamani aliimimina yake, na nadhiri yake haikubebwa na kichwa cha mwingine. Tunapenda kuisoma habari ile tukiwa upande wa mwanamke, na kila anayelalamika juu ya gharama tunamweka upande wa Yuda. Lakini Yohana anatuambia kwamba Yuda hakuwajali maskini. Bibi yetu hakuwa akisema kwa ajili ya maskini ili aonekane mwema. Maskini ni yeye, na maji aliyokuwa akiyaona yakipotea aliyajua kwa shingo yake. Uzuri unaotolewa kwa Mungu kwa jasho la mtu ambaye hakuulizwa, hata ungepangwa vizuri namna gani, tunaona vigumu kuuita sadaka yetu.

Basi tulibadilika. Maji masafi hayaendi tena kwenye maua. Yanakwenda ya kusuuzia vyombo na mboga, nasi wanaume wa nyumba tunachota kwa zamu. Mawaridi mawili yalikufa. Bogenvilia, ambayo haidai maji mengi, imeziba pengo wakati wa kiangazi. Septemba na Oktoba miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya tone la mvua kuanguka, na tawi moja la namna hiyo lililoanguka njiani linatosha madhabahu nzima. Hapo ndipo tulipomwelewa yule mgeni wa chuoni. Chombo chetu ni bakuli la udongo, na ndani yake kipande cha gogo la mgomba, kinachoshika vikonyo na kuvipa unyevu. Vikonyo vitatu, mara nyingine viwili. Mzee mmoja wa kanisa bado anasema pale nyuma ya nyumba pangefaa maharage, na kila mwaka tunampa hoja yake robo ya bustani.

Februari iliyofuata, mvua ikiwa imekolea, bibi alifika Jumapili alfajiri kabla ya kengele. Alikuwa ameshika maua ya maboga, manjano, yamefunguka kama tarumbeta. "Ni madume haya," alisema, "hayazai. Yanayozaa nimeyaacha shambani." Tuliyapanga matatu, naye akisimama pembeni akituelekeza lipi liinuke na lipi liinamie.

Ua la boga hufumba jua likipanda. Siku ile yalikuwa yamefumba yote kabla hatujafika kwenye matangazo, na bibi, aliyekaa benchi la mbele, alituonyesha kwa kidole kwamba mahubiri yamekuwa marefu.