Kinga Nayo Ina Bei

Nyakwara, nimesikia umekabidhiwa mkoba wa mhamasishaji wa afya ya jamii, na kwamba kaya zako ziko Nyalenda. Hongera. Mkoba wenyewe unapita chochote tulichopewa sisi: mashine ya presha, ya sukari, mizani, simu ya kujazia takwimu. Enzi zetu muuguzi wa jamii alikuwa na daftari na miguu yake. Lakini kabla hujaanza kubisha hodi, sikia neno moja la dani, bibi yako: usimshauri mtu mpaka upige hesabu kukutii kutamgharimu nini.

Utafundishwa kusema kinga ni bora kuliko tiba. Ni kweli, nami nimeyasema hayo hadi sauti ikanikauka. Ila utakuta vidonge mara nyingi vinagawiwa bure, na kinga ndiyo inayonunuliwa.

Watazame vijana waosha magari wa ufukwe wa hapa Kisumu. Gari huingizwa ziwani magurudumu yakazama nusu, kijana akasimama kwenye maji ya magoti na ndoo na kitambaa tangu asubuhi. Kwenye maji hayo kuna konokono, na konokono hutoa vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi isiyo na jeraha lolote kwa muda wa dakika chache. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI waliwafuatilia waosha magari wa Kisumu kwa miaka mingi. Waliwapima choo, wakawapa prazikwanteli, vijana wakapona. Halafu wakarudi kazini, na ziwa likawaambukiza upya, wakatibiwa tena. Wapo ambao baada ya kutibiwa mara nyingi miili yao ilianza kuuhimili ugonjwa, jambo lililowafurahisha sana wanasayansi. Sasa wewe nenda umwambie kijana kama huyo asiingie majini. Atakuuliza watoto wake wale nini, na hutakuwa na jibu ndani ya mkoba. Dawa yake ni mfereji na sakafu ya saruji mbali na maji, na hiyo haipatikani kwenye duka la dawa.

Kuhusu maji ya kunywa, hapo kaa chini kabisa na kalamu. Nyalenda na Manyatta ploti ni ndogo na maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo kisima kifupi na choo cha shimo hupakana. Mvua kubwa ikinyesha, vyote viwili hujaa. Utasema wachemshe, makaa ni pesa. Utasema wanunue ya mfereji kwenye kioski. Haya, mitungi 50 ya lita 20 ndiyo uniti moja ya maji. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, uniti imefika 250. Mwenye mkokoteni akiuleta mlangoni kwa 20, imefika 1,000. Muulize mkazi wa Milimani, mwenye bomba jikoni na la kumwagilia maua, kama bili yake inakaribia hapo. Maskini ananunua maji ghali kuliko tajiri, kisha akiugua kipindupindu anaambiwa hana usafi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wala mpangilio huu haukushuka na mvua. Mwaka 1913 Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza igawanywe kwa rangi za watu, eti kwa ajili ya afya. Kisumu, mji wa reli uliozaliwa 1901, nao ulipangwa hivyo: Wazungu juu penye upepo, Wahindi kwenye bazaa, Mwafrika nje ya mpaka. Vijiji hivyo vya nje vilikuja kuingizwa mjini miaka ya 1970, lakini mabomba hayakukimbia na mpaka.

Ukifika ufukweni utakutana na jambo lingine, na hili ulizungumze kwa adabu. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliwakuta na virusi vya UKIMWI asilimia 4.9 ya watu wazima wa Kenya. Kisumu ilikuwa 17.5, Homa Bay 19.6. Watu hupenda kusingizia mila. Mimi nakwambia mtazame mwanamke mchuuzi alfajiri, beseni mkononi, samaki wachache na wanunuzi wengi, na mvuvi anayejua hivyo. Huo ndio ujaboya: samaki kwa ngono. Kondomu unaweza kumpa, ila masharti yanatolewa na mwenye boti. Wanawake wa Nduru, huko Nyakach, walilielewa hilo mapema kuliko sisi wataalamu: kwa msaada kutoka Marekani walipata boti zao wenyewe na kuajiri wavuvi. Ilifanya kazi. Kisha mafuriko ya 2020 yakaumeza ufukwe wao, wakahama na vilivyobaki.

Basi, fanya hivi. Takwimu za simu zijaze, ni kazi yako. Lakini uwe na daftari la pembeni. Mtoto akihara, andika maji ameyatoa wapi na kwa bei gani. Mama akichelewa kliniki, andika nauli ya boda hadi hospitali ya Russia, maana hata baada ya kuitwa Jaramogi watu wa hapa hawajaacha kuiita hivyo. Majina ya watu usiyaandike.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya na ya maji safi. Haki hiyo hutafutiwa pesa kwenye vikao vya bajeti, na kaunti hupeleka mkakati wake wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Kwa hiyo kikao cha wadi kikiitishwa, usikikose, na usikae nyuma na akina mama wa chai. Watakukatiza wenye suti, na wazee wenzangu watakuuliza wewe ni binti wa nani. Wajibu kwa heshima, kisha fungua daftari uwasomee bei ya mtungi, mtaa kwa mtaa.