Nani Aliingia Mashindanoni?

Kabla lami haijafika, safari ya Manyoni hadi Singida mjini ilikuwa ya vumbi, mawe na saa nyingi za kurushwa juu ya kiti. Siku moja mwaka 1994, karibu na Issuna, basi letu lilipitwa na basi jingine. Dereva wetu hakusema neno. Abiria ndio tuliosema. "Tutakula vumbi la wenzetu mpaka Singida?" aliuliza mzee mmoja nyuma yangu, na mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, nikapaza sauti: "Dereva, kanyaga mafuta!"

Akakanyaga. Tulipokuwa tukilipita lile basi, mbuzi waliingia barabarani. Hatukusimama. Nilipogeuka nilimwona mtoto wa kiume mwenye fimbo, amesimama katika vumbi letu, akimtazama mbuzi wake chini. Ndani ya basi makofi yalikuwa bado yanapigwa. Yangu yalikuwamo.

Naipenda michezo ya magari, wala sitaki msomaji adhani nimeacha kuipenda. Nilichopendea hasa ni ile ya magari ya kawaida, ya aina ambayo mwalimu au mfanyabiashara angeweza kuinunua dukani. Huko Marekani michezo hiyo ina mizizi miongoni mwa wasafirisha gongo, waliozitengeneza gari zao ili ziwashinde polisi mbio. Bill France alianzisha chama cha NASCAR mwaka 1948, na mwaka uliofuata, tarehe 19 Juni, yakafanyika Charlotte mashindano ya kwanza ya magari yasiyobadilishwa chochote. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza akiwa na Ford. Wakaguzi wakachungulia chini ya gari, wakakuta springi zimekazwa kwa namna ya wabeba gongo. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper. Mwenye gari alikwenda mahakamani, akashindwa.

Hukumu ile naiona ya haki. Kila dereva aliyajua masharti, na kila mmoja alijiandikisha kwa hiari yake.

Kwetu Afrika Mashariki yalianza mashindano ya Safari mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni nayo yalikuwa ya magari kama yalivyotoka dukani, yakipangwa katika madaraja kwa bei zake. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo sisi tulilijua kwa kubeba abiria na magunia. Mwaka 1963, na tena 1968, waliofika mwisho walikuwa saba tu. Mchezo huo ulidai usiku bila usingizi, tope hadi milangoni, na msoma ramani asiyekosea kona.

Lakini barabara zile hazikufungwa. Ng'ombe walivuka, watoto walikwenda shule, mama alibeba kuni. Miaka ya baadaye helikopta ziliruka mbele ya magari ya matajiri kuwaonya watu na wanyama. Hilo lilikuwa jambo jema, ila nalo lilimtaka mwenye kijiji aondoke kwenye njia yake mwenyewe. Yeye hakujiandikisha popote. Waliokagua springi kwa tochi hawakuwa na kifungu chochote kumhusu.

Nilimweleza jambo hili rafiki yangu, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Alicheka. "Bwana wee," akasema, "leseni ilikuwa ya nani? Mguu uliokanyaga ulikuwa wa nani? Hatia haigawanywi kama nyama ya harusi." Kisheria sina la kumjibu. Dereva alikuwa mtu mzima, na angeweza kutuacha tupige kelele mpaka Singida.

Hata hivyo jibu lake halinitoshi. Dereva yule aliishi kwa sifa zetu. Aliyekuwa mwepesi ndiye tuliyemngoja stendi, na aliyekuwa mwangalifu tulimwita jina la kobe. Gari la Dunaway liliwapunja wenzake waliokuwa mashindanoni naye. Mimi nilimwingiza mashindanoni mtoto ambaye hakuwa na gari, tena nikashangilia aliposhindwa. Ninapolipima, kosa la springi ni dogo zaidi, na ndilo lililopata hakimu.

Mbuzi mmoja kwa nyumba ya Kinyaturu si kitoweo tu. Ni ada ya shule, ni dawa, ni sehemu ya mahari. Sijui yule mtoto aliambiwa nini jioni ile. Inawezekana alichapwa.

Siku hizi ni lami tupu, na mabasi yanafuatiliwa kwa mitambo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Mara ya mwisho nilipopita Issuna, kijana mmoja alilalamika kwamba tunatambaa. Hakuna aliyemjibu. Nami nilikuwa nimekwisha kutazama saa yangu mara mbili.